Koti la Rangi ya Nyika

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, ukiacha mgongo, maana cherehani haijui kwamba mtu ana mgongo. Naandika kwa sababu kwenye simu sisi wawili huishia kuulizana kama tumekula, halafu tunakata.

Kifurushi hiki ni cha Baba. Usimfungulie, mwache akifungue mwenyewe. Ni lile koti aliloniomba. Nadhani hakukwambia: alinitumia bahasha yenye kijiti kikavu cha huko nyikani, na kikaratasi kilichoandikwa "Rangi hii." Hakuna salamu, hakuna habari za kazi. Nikakaa na kile kijiti mezani wiki na wiki. Mwanzoni nilidhani ni kahawia tu. Ukikisogeza dirishani unaona kuna majivu ndani yake, na mahali fulani wekundu kama wa kutu. Nikaunganisha mabaki ya vitambaa vya sare, nikavichemsha na majani ya chai, halafu juu yake nikapitisha nyuzi nyeupe chache, nyembamba, kama ile mistari ya kwenye mbawa za nondo wake. Nikilitandaza koti sakafuni na kuweka kijiti juu yake, kijiti kinapotea. Tangu nianze kushona sijawahi kupatia rangi namna hii.

Unakumbuka alivyokuwa akilalamika alipokuwa mlinzi wa nyika, eti lile jaketi la ofisi la rangi ya chungwa linawafanya nondo wamwone tangu anatoka mlangoni. Alipostaafu wakalichukua. Basi sasa akae nao anavyotaka.

Msimamizi wetu aliniuliza koti ni la nani. Nikamwambia ni la baba yangu, anafuatilia nondo. Akasema, kumbe mzee ana duka la vifaa vya ujenzi. Nikajaribu kumweleza kwamba ni mdudu, kipepeo fulani mdogo, nikaona anazidi kuchanganyikiwa, nikaacha. Sasa kiwanda kizima kinajua baba yangu anauza nondo, na juzi mwenzangu mmoja kaniuliza kama anaweza kupunguziwa bei.

Niambie kweli, Baba yuko vipi? Sauti yake kwenye simu imekuwa kama ya mtu anayenong'onezewa maneno pembeni.

Mdogo wako,
Fundi


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo.

Koti limefika. Alilivaa palepale juu ya nguo za kulalia, akatoka nalo uani, akasimama karibu na ukuta, akaniambia nimtafute. Nikazunguka zunguka kumridhisha. Kisha akaingia nalo mezani na kula chakula cha mchana akiwa amelivaa. Ukosi umemkaa vizuri, mikono umeiacha mirefu kidogo lakini anasema ndivyo anavyotaka, azifiche kucha zake.

Baba hajambo. Anasahau sahau, lakini nani wa umri wake hasahau? Ametia chumvi kwenye chai, tukacheka. Mimi siku hizi nimeomba zamu ya asubuhi tu kule hospitali. Chumba cha kufulia kina joto mno mchana, na shuka za wodini ni zilezile, asubuhi au jioni. Nikiwa kazini jirani yetu huja kukaa naye, wanapiga soga. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nimesikia mnashona sare za shule mpya, na kwamba ukimaliza utapewa meza yako mwenyewe. Shikilia hapo hapo. Likizo ipo, haikimbii.

Dada yako


2 Aprili

Fundi wangu,

Koti nimelipata. Umepatia. Wengine wanadhani nyika ni kahawia.

Nakwenda kila nikipata nafasi. Pale nyuma ya nyumba, vichaka havijafika magotini lakini ukikaa chini unakuwa umeingia katika nchi nyingine. Majike wapo. Hawaruki hovyo kama madume, wanashika kijiti na kutulia. Unaweza kumtazama jike usoni usimwone. Dawa yake ni kutomtafuta nondo. Tafuta kijiti kisicho na sababu ya kuwa mahali pale.

Jana nilikaa karibu na mchanga mweupe. Mama yako akapita na kikapu chake, karibu kabisa, akiniita. Asinione. Nikanyamaza. Nilitaka sana kucheka lakini nikajizuia mpaka akapita. Koti ni zuri kweli.

Usiache masomo ya jioni. Mwalimu wako wa hesabu akikusumbua niambie nije.

Kuna mwanamke hapa nyumbani ni mwema, ananikatia kucha.

Baba


15 Aprili

Dada,

Nimepokea barua ya Baba. Naiweka humu ndani uisome, halafu unirudishie.

Mama alifariki nikiwa darasa la saba. Mwalimu wa hesabu sina, nina msimamizi na cherehani. Na huyo mwanamke anayemkatia kucha ni nani kama si wewe?

Ukiniambia nije, naja. Sitangoja likizo. Nitaacha sindano imechoma kitambaa hivyo hivyo na kwenda kituo cha mabasi. Lakini niambie wewe, maana uko naye. Mimi nikibahatisha nitakosea.

Fundi


27 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi huku hatujambo, mvua imezidi tu.

Nimeisoma barua. Baba anakutania. Unamjua tangu zamani, anaweza kusema uongo kwa uso mkavu mpaka umwamini. Habari ya Mama ni ndoto aliyoota, alinisimulia hata mimi asubuhi yake. Kuhusu mwanamke wa kucha, ananiita Nesi siku hizi kwa sababu ya nguo zangu za kazi. Nami naitika. Utani umenoga, hatuwezi kuuacha sasa.

Usije sasa. Barabara zimeharibika na daraja la mtoni wanasema linatikisika. Maliza sare, upate meza yako, uje kwa raha mwisho wa mwaka. Atafurahi akikuona umekuwa mkubwa kazini.

Barua yake nakurudishia, imelowa kidogo, samahani.

Dada yako


6 Juni

Dada,

Daraja lililovunjika wanasema litachukua muda kujengwa. Nilikwenda kituoni siku ile uliyopiga simu kiwandani, na kesho yake nikarudi, nikakaa kwenye benchi na begi langu kama mtu aliyetumwa asiambiwe aende wapi. Wakati mnamzika mimi nilikuwa pale kwenye benchi. Mwanamke mmoja anayeuza maji akaniambia niondoke, hakuna basi litakalovuka.

Sasa nataka kusema ambayo kwenye simu sikuweza.

Ulinificha. Nilikuuliza waziwazi, na barua ya Baba nikakutumia, ukaniambia ni utani. Kumbe alikuwa hakujui wewe uliyemlisha. Ningekuja. Daraja lilikuwa bado lipo.

Na kuna jambo linanikereketa kila nikilala. Nyika ile naijua. Haina mti hata mmoja. Vichaka vyake mtoto mdogo anavivuka. Ukisema watu walitafuta tangu alasiri mpaka giza, na asubuhi wakaanza tena, walitafuta nini? Mtu mzima amelala mahali peupe, karibu na nyumbani, kwenye mvua na baridi, na kundi zima la watu lisimwone? Au walitembea wakipiga hadithi?

Kwa nini mlango haukufungwa? Ulijua hali yake, mimi sikujua. Wewe ulijua, ukaenda kufua shuka za watu.

Naomba unitumie koti lake. Sina kitu kingine chochote cha kushika.

Fundi


18 Juni

Mdogo wangu,

Una haki ya kusema yote hayo. Nilijua hali yake na sikukwambia. Nilikuwa kazini. Jirani hana kosa, usimtaje kwa ubaya, amedhoofika kwa kulia. Kosa ni langu.

Kuhusu kutafuta, giza liliingia mapema kwa sababu ya mvua. Watu walijitahidi. Huenda hatukujipanga vizuri, na hilo pia ni langu, mimi ndiye niliyewaelekeza waanzie upande wa barabara.

Koti halipo. Lilichukuliwa hospitali alipofikishwa, likapotea na nguo nyingine. Nimeuliza, hawajui. Nitakutafutia kitu kingine, miwani yake au ile kofia.

Kula. Najua huli.

Dada yako


1 Julai

Kwako Mlinzi wa Nyika,

Salamu. Hatufahamiani. Mimi ni binti mdogo wa mzee uliyeshika kazi yake alipostaafu. Alikutaja mara nyingi, alisema una macho mazuri ila una haraka.

Dada yangu ameniambia koti la baba yetu lilipotea hospitali. Dada anafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali hiyohiyo. Hata soksi ya mgonjwa haiwezi kupotea pale asijue. Kwa hiyo najua ananidanganya, ila sijui kwa nini, na kwa hali tuliyofikia nikimwuliza atanidanganya tena.

Ninaambiwa wewe ndiye uliyempata Baba. Naomba uniambie ulimpataje, na kwa nini mlichelewa. Sina nia ya kumshtaki mtu. Nimechoka kutojua.

Fundi


12 Julai

Binti wa Mzee wangu,

Pole sana. Barua yako nimekaa nayo mfukoni nikishindwa kuijibu, kwa sababu dada yako alinikataza. Lakini juzi jirani yenu amenieleza kwamba unamlaumu dada yako, na kwamba dada yako amekubali lawama zote bila kujitetea. Hilo nimeshindwa kulibeba.

Tulikuwa watu wengi. Tulijipanga mstari, mtu na mwenzake wakiona mikono yao, tukapita nyika yote kutoka barabarani hadi mchanga mweupe. Hatukupiga hadithi. Tulikuwa tunamwita. Giza lilipotuzidi tukasimama, na kulipokucha tukaanza upya. Jua likachomoza kidogo mvua ilipokatika, nondo wakaanza kuruka, nami nikasimama kuwaangalia, kwa mazoea tu. Ndipo nikaona unyayo wa mguu mtupu. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka. Kama kisingemtoka, nisingemwona hata hapo.

Alikuwa amelala kwa ubavu, amejikunja, kichaka kiko mgongoni kwake. Koti lilimfunika kuanzia kidevuni hadi miguuni, mikono ameiingiza ndani. Nilikuwa nimepita pale jioni yake. Naijua njia yangu, nilikuta alama za fimbo yangu kwenye mchanga, ziko karibu naye kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa. Na mwenzangu wa kushoto alipita upande wa pili. Daktari alisema baridi ilimmaliza kuelekea alfajiri. Maana yake unaielewa, sitaiandika.

Mzee alinifundisha kuona mdudu wa ukubwa wa ukucha kwenye kijiti cha rangi yake, nikampita yeye mwenyewe. Angekuwa na lile jaketi la zamani la ofisi tungemwona tangu barabarani.

Tulipokuwa tunambeba dada yako aliligusa lile koti, akaelewa kabla sijasema neno. Akanivuta pembeni. Alisema hivi, nayakumbuka kama yalivyo: "Mdogo wangu asijue. Mwache anilaumu mimi, mimi nitazoea. Yeye cherehani iko mbele yake kila siku ya Mungu."

Nisamehe kwa kukwambia. Nimeona mmoja wenu anaumia kwa kutojua na mwingine kwa kujua, na mimi katikati.

Mlinzi wa nyika


25 Julai

Dada,

Mlinzi ameniandikia. Usimkasirikie, nilimlazimisha.

Niliisoma barua yake chooni kiwandani, mahali pekee penye komeo. Nikarudi mezani nikakuta wamenipa kukata mikono ya sare, kitambaa cha kijivu. Nikashika mkasi, nikashindwa kuufunga. Si kwamba nililia. Vidole vilikataa. Msimamizi amenihamishia kwenye kufungasha, ninakunja mashati na kuyatia kwenye mifuko. Ile meza wamempa mwingine.

Nilijivunia rangi ile, Dada. Niliwaita wenzangu waje waone kijiti kinavyopotea.

Nimeisoma tena barua ya Baba, pale anaposema Mama alipita akimwita, naye akanyamaza akijizuia kucheka. Sikuwa nimeielewa. Nadhani ni wewe uliyekuwa unamtafuta siku ile. Na nadhani siku ya mwisho aliwasikia wote wakimwita. Labda alidhani anawashinda. Najaribu kujifariji kwamba hakuwa na hofu, kwamba alikuwa amejificha na anafurahi, halafu nafikiria ile baridi, na kwamba mchezo ulipoisha hakukuwa na mtu wa kumwambia ameshinda.

Niliandika maneno kuhusu shuka za watu. Nayarudisha. Na yale ya mlango pia.

Lakini sitakudanganya, na wewe usinidanganye tena. Ungeniambia mwezi wa nne ningekuja. Ningemwona amelivaa, ningemwona anavyojificha, na mimi niliyelishona ndiye ningekuwa wa kwanza kushtuka. Ningemvua. Ulinilinda mara mbili, na ile ya kwanza ndiyo iliyotufikisha kwenye ya pili. Sijui kama nimekusamehe. Nina hasira nawe na sina mtu mwingine wa kumwambia kwamba nina hasira nawe ila wewe.

Daraja limefunguliwa. Nimeomba ruhusa, wamekataa, nikasema naenda. Nitapanda basi la Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Usije kunipokea kituoni, tutaanza kulia mbele ya makondakta. Nitatembea mpaka nyumbani.

Mdogo wako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Barua hii nampa dereva wa basi, analala huko na ndiye atakayekuleta. Ikikufikia kabla hujapanda, vizuri.

Njoo. Uje na hiyo hasira, ina nafasi humu ndani.

Ni kweli, nilikuwa mimi. Niliyepita na kikapu. Nilikuwa nimetoka sokoni nikakuta hayupo, nikaenda nikimwita hadi sauti ikakauka. Alikuja mwenyewe baadaye, nguo zimejaa mchanga, ana furaha kama mtoto. Nikamkaripia. Aliniuliza Nesi wa zamani yuko wapi, yule asiyepiga kelele. Hapo ndipo ningekuandikia. Kalamu nilishika. Nikaona nikikwambia utakuja, utaacha kazi, utakuta hakujui na wewe, na mimi nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu, nacho ni kwamba kuna binti mmoja ambaye Baba bado anamkumbuka. Jina lako alilijua mpaka mwisho. Kila mara aliuliza Fundi amefika. Sikukwambia hilo pia, nilikuwa naona wivu.

Baada ya siku ile nilitaka kulificha koti. Nikalifungia kabatini. Akakataa kula, akawa anakaa mbele ya kabati anakwaruza mlango wake. Nikampa. Nilikuwa nimechoka, mdogo wangu. Kulitoa nililitoa mimi, kwa hiyo ukiwa unagawa sehemu ya kila mmoja wetu, ile usijipe wewe.

Koti lipo. Nililifua kwa mikono, sikulitia kwenye mashine za hospitali. Ukitaka tulichome tutalichoma, ukitaka ulichukue ulichukue. Mimi siwezi kuamua.

Siendi kazini vizuri. Wanasema nazitazama tu shuka zinavyozunguka. Usiku nalala chumbani kwake kwa sababu kwangu nasikia upepo wa nyikani. Nakueleza usije ukashtuka kuniona, nimekonda.

Tena ukifika usigonge mlango wa mbele, haufunguki. Niliupigilia mbao mwezi wa pili, kabla hata kifurushi chako hakijatumwa, siku aliyotoka pekupeku nikamkuta katikati ya barabara anasimamisha magari. Hata bawaba zake zote nikazipigilia misumari. Uliobaki ni wa nyuma, unaotazama nyikani, na nilikuwa nimemwomba jirani asiache kuukalia. Siku ile mvua ilianza, akainuka kuanua nguo zangu kwenye kamba. Nguo zangu za kazi. Muda wa kuanua nguo tu.

Nimenunua patasi ya kung'olea misumari. Kila jioni naishika, naweka ubapa wake chini ya ubao wa kwanza, halafu nairudisha mahali pake. Misumari niliipigilia kwa nguvu nyingi, na mikono yangu miwili peke yake haitoshi.

Pitia nyuma. Nitakuwa jikoni.

Dada yako